Lugha ya Watu Wenye Haraka

Usiniambie watu huenda kortini kutafuta haki. Nilifanya kazi ya ukalimani katika korti moja ndogo ya mpakani miaka ya sabini, nikisimama kutwa nzima katikati ya mshtaki na mshtakiwa, na haki niliiona ikipita kwa nadra, tena kwa mbali. Watu huenda kortini kwa sababu zao. Kulikuwa na bwana mmoja wa upande wa Butula aliyemshtaki jirani yake juu ya kuku. Kuku mwenyewe alikuwa ameliwa zamani na mifupa kutupwa, lakini kesi iliendelea. Alichotaka yule bwana ni jirani yake avae viatu, asafiri, aje aitwe jina lake kwa sauti na askari mbele ya watu wasiomjua, ili siku moja tu naye aonekane mdogo. Mwingine alimshtaki ndugu yake wa tumbo moja juu ya njia ya kupitishia ng'ombe kwenda mtoni. Kesi iliahirishwa mpaka sisi wenyewe tukaichoka. Ndugu akafariki. Siku ya kesi mshtaki alifika vilevile, amevaa koti lake lile lile, akakaa kwenye benchi na kuuliza ataitwa saa ngapi. Tulipomwambia kesi imekufa pamoja na mwenyewe, alilia pale pale barazani. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Mimi niliwacheka watu hao. Nilikuwa kijana, nina suruali ya kunyooshwa na mdomo wenye lugha nyingi, na nilijiona nimefika. Marehemu mama alikuwa Mteso wa Amukura, baba Mkhayo wa hapa Busia, na Kiganda nilikipata ng'ambo ya mpaka nilipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kijaluo nilijiokotea sokoni. Mtu akija kortini na lugha yoyote kati ya hizo, niliitwa mimi. Basi nikavimba kichwa.

Lazima nieleze jinsi kazi ilivyofanywa, maana humo ndimo nilimoharibikiwa. Siku hizo hakimu aliandika ushahidi wote kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi anasema kwa lugha yake, mimi naleta kwa Kiswahili, kalamu inakimbia. Hakimu wetu alikuwa mtu wa mbali, mwenye vidole vinavyomuuma, na kesi zilikuwa nyingi hadi watu wanakaa nje kwenye nyasi. Mashahidi wetu nao, wee! Hasa wajomba zangu Wateso. Mteso akiulizwa mbuzi wake alipoteaje, huanza na aliyemzaa yule mbuzi. Hakimu angeinua kalamu, anikunjie uso, aseme, "Kwa ufupi, bwana mkalimani." Nikajifunza kukata. Shahidi anamwaga debe, mimi natoa kikombe. Hakimu alinisifu mbele ya makarani kwamba bila mimi tungekuwa tunalala humo ndani. Sifa hiyo ilinilevya kuliko pombe. Nilisahau kwamba kila siku asubuhi niliinua mkono na kuapa kutafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu. Kiapo kilikuwa kimekuwa kama kupiga mwayo.

Kisha akaja yule mama wa Malaba.

Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, amejifunga kitambaa cha buluu kichwani. Alimiliki lugha moja tu, Kiteso. Binti yake aliolewa na Msamia, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja mjini Busia. Wale wawili walionana sokoni, wakapendana kwa Kiswahili, wakazaa mtoto wa kike. Mtoto alipokuwa bado mdogo wa kubebwa, mama yake akaugua tumbo. Fundi alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali ya Nangina, na dada wa watu akakata roho njiani kabla hawajafika. Alizikwa kwa mume, Usamia, na matanga yale yaliharibika. Wajomba wa marehemu walimkabili fundi mbele ya kaburi wakamwambia amemchelewesha mkewe mpaka akafa. Mama alikuwepo, akanyamaza. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikutembeleana, na bibi hakumwona tena mjukuu wake.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa huku hahitaji kuelezwa, ila wengine huenda wasilijue. Mama mkwe na mkwe wake hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Ni heshima, si ugomvi, na maneno yao hupitia kwa mtu wa katikati. Yule mama alikuwa amejaribu mtu wa katikati. Alimtuma kaka yake kwa fundi na ujumbe mpole, na kaka alipofika akautia matusi yake mwenyewe juu. Akamtuma mwingine, naye akarudi amelewa na habari zisizoeleweka. Ndipo akasikia kwamba kortini kuna mtu wa katikati anayeinua mkono na kuapa kwa Mungu kabla ya kufungua kinywa, na akiongeza au akipunguza anafungwa. Aliwaza, huyo ndiye ninayemtaka. Alikuja kushtaki kwa sababu yangu mimi. Hakuwa na shida na hakimu wala sheria. Alikuwa anatafuta mdomo ulioapa.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Siku aliyofika, mwandishi wa mashtaka aliyekaa nje chini ya paa la bati alimuuliza kwa Kiteso chake kibovu anadai nini. Akajibu hadai kitu, ana neno la kumwambia mkwe wake. Mwandishi akamweleza kwamba korti haifungui kesi isiyodai kitu. Ni lazima uombe shamba, ng'ombe, fidia, chochote. Mama akafikiri, akasema basi aandike mtoto, maana neno lake lilimhusu mtoto pia. Ikaandikwa kwamba anadai mjukuu wake atolewe kwa baba na kukabidhiwa yeye. Fundi akapelekewa samansi. Hebu fikiria mtu aliyefiwa na mke, amebaki na katoto kamoja, halafu anasoma hivyo.

Kesi iliitwa karibu na saa za chakula. Wateso wengine walikuwa wamemaliza zao na kwenda, na ndani ya chumba kile waliojua Kiteso tulibaki wawili, mimi na yeye. Vurugu ilianza mlangoni. Mama alikataa kuingia kwa sababu fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, na askari akataka kumvuta kwa nguvu. Niliingilia kati, nikamweleza hakimu mambo ya ukwe. Hakimu alikuwa muungwana katika hilo. Fundi akasogezwa nyuma kwenye dirisha, na mama akaruhusiwa kusimama akiwa amempa mgongo. Akawa anautazama ukuta wenye kalenda. Nilijisikia vizuri kwa kulitatua.

Mama akasema, na ukuta ukamsikiliza.

Alisema polepole, kwa mpango, kama mtu aliyeyapanga maneno hayo kitandani kwa miezi. Alisema hakuja kumnyang'anya mtu mtoto. Alisema amekuja ili baba wa mtoto asikie kwa mdomo wa mtu aliyeapa. Si baba huyo aliyemchelewesha marehemu. Binti alipoanza kuumwa alimtumia mamake habari, na mama akampelekea mizizi ya kuchemsha, akamwagiza asiende hospitali, asubiri, tumbo litatulia, wala asimwambie mumewe maana wanaume wa mjini huzidharau dawa za nyumbani. Binti akasubiri. Alipozidiwa ndipo mume akajua, naye hakungoja hata kidogo, alimpakia akakanyaga baiskeli. "Ni mimi," alisema. "Ndugu zangu walimlaumu kaburini nami nikanyamaza, kwa sababu niliogopa. Namwomba anisamehe. Akinisamehe, amruhusu mtoto aje anisalimie, nimwone, arudi kwake."

Mimi nilikuwa nasikiliza huku nikikata kichwani. Halafu nikashtuka. Niliwaza, huyu mama anajichimbia kaburi. Anadai mtoto, na hapo hapo anakiri kwamba alimpa mama wa mtoto mizizi mpaka akafa, na anasema hamtaki mtoto anayemdai. Hakimu akisikia hivyo, kesi inatupwa nje, na pengine polisi wanaitwa. Nilimwonea huruma. Haki ya Mungu, ilikuwa huruma. Lakini nisijidanganye, kulikuwa na mengine. Hakimu alikuwa ameshaangalia saa yake. Nilijua jinsi atakavyonikunjia uso nikianza hadithi ya mizizi. Tena nilipenda kujiona mtu anayejua linalomfaa mwenye kesi kuliko mwenyewe.

Nikageuka, nikasema, "Anasema anampenda mjukuu wake na anaomba apewe amlee."

Kalamu ikaandika mstari mmoja. Hakimu akanishukuru kwa macho.

Fundi aliitwa, akasema kwamba mtoto ni wake, kwamba mama huyu na ndugu zake walimtukana kaburini na sasa wamekuja na korti kumaliza kilichobaki. Nikamwambia mama kwa Kiteso kwamba mkwe anasema mtoto ni wake. Alitikisa kichwa kukubali, akangoja. Alidhani kuna zaidi. Hakimu akaamua mtoto abaki na baba yake, na kama bibi anataka kumwona wapatane wenyewe kifamilia. Tukaenda kula.

Nilimkuta barazani nikitoka. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Aliuliza swali moja tu: "Amesikia?"

Mtu anaweza kujifungia mlango wa maisha kwa neno moja. Ningeweza kumvuta pembeni, nimwambie, mama, nilipunguza, ngoja nimkimbilie fundi kabla hajapanda baiskeli yake. Fundi alikuwa bado yuko pale chini ya mti akikunja suruali. Niliona njaa yangu, nikaona aibu, nikaona ule uongo ulivyo mwepesi.

"Amesikia, mama," nikamjibu.

Akafungua kifundo cha nguo yake, akanipa karanga alizokaanga mwenyewe. Alinishukuru sana. Akasema sasa atakwenda nyumbani akangoje, mtu aliyeombwa msamaha huhitaji muda. Nilizipokea zile karanga kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Nyumbani mke wangu aliziweka mezani, nami nikasema tumbo linaniuma.

Haukupita muda mrefu nikasikia kwa yule Mwarabu mwenye duka kwamba fundi amefunga cherehani. Alikuwa amemvusha mtoto mpaka, akampeleka kwa dada yake upande wa Jinja, ndani ndani huko, ili bibi asije akarudi na korti nyingine au wale wajomba wakamwiba mtoto usiku. Yeye mwenyewe alihamia ziwani, Port Victoria, akawa anashona nguo za wavuvi. Mwarabu alinisimulia huku akipima kitambaa, akasikitika, akasema bibi za siku hizi hawana huruma. Nilinunua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikatoka.

Mama naye akaanza kuja. Siku za kesi ungemwona kwenye benchi la washtaki, kitambaa cha buluu, amefika kwa mguu au kwa lori la kuombaomba kutoka Malaba. Alikuwa anauliza kama jibu limekuja. Alifikiri mkwe wake ataleta jibu kortini, kwa kuwa neno lilitolewa kortini. Nami ningejibu bado, mama, bado. Makarani walimtania kwamba ameolewa na serikali. Alinipa karanga kila mara, na kila mara niliziona nzito zaidi. Baadaye nikawa nikiona kile kitambaa kwa dirisha, naingia chumba cha mafaili na kukaa humo mpaka aondoke. Mwanamume mzima, nimejificha nyuma ya kabati.

Kwa nini sikumwambia? Mkalimani aliyevunja kiapo hufukuzwa, na mimi nilikuwa na watoto. Hiyo ni sababu, na ni ya kweli. Lakini ilikuwepo hata siku ya kwanza, na siku ya kwanza jambo lilikuwa dogo. Lilikua kwa sababu ya kungoja. Kadiri alivyoumia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia kwamba anaumia bure. Siku moja aliniambia, bila hasira, kwamba sasa ameelewa. Mkwe wake amesikia kila kitu, amepima, na ameona halisameheki. Alisema ana haki. Baada ya hapo hakuja tena.

Hili lililofuata ndilo linalonikera zaidi. Nilikutana na fundi ana kwa ana. Ilikuwa Malaba, karibu na reli, malori yamepanga foleni kungoja kuvuka, naye alikuwa anatafuta lori la kumfikisha kwa dada yake akamwone mtoto. Alinitambua kabla sijamtambua, akanisalimu kwa heshima, mzee wa korti, habari za kazi. Alikuwa amekonda. Tulisimama tukizungumza habari za ng'ambo, jinsi askari wa yule jenerali aliyekuwa akitawala huko wanavyowatesa watu vizuizini. Halafu akasema, "Bwana mkalimani, yule mama angesema hata neno moja jema siku ile, mtoto ningemletea mwenyewe."

Alikuwa karibu nami kama upana wa meza. Neno jema nilikuwa nalo tumboni, limekaa huko miaka. Hapakuwa na hakimu wala kalamu wala mtu wa kunikunjia uso. Na mimi nilimjibu, "Korti ni korti." Mungu ananiona, hayo ndiyo niliyosema. Dereva akapiga honi, fundi akapanda nyuma juu ya magunia, akanipungia mkono. Niliporudi nyumbani nilimgombeza mke wangu kwa chumvi kuzidi kwenye mboga, na mboga haikuwa na chumvi nyingi.

Vita vya ng'ambo vilipokwisha na yule jenerali akakimbia, watu walianza kuvuka kutafuta jamaa zao. Fundi alikuja kwangu asubuhi moja akiwa na msichana mrefu mwenye macho ya kutulia. Alinieleza kwamba amemtoa kwa shangazi yake. Huko alikokulia, msichana alikuwa akiuliza watu wa mama yake ni akina nani na kwa nini hawamtaki. Baba akaona atampeleka, liwe liwalo. Lakini hawezi kuingia tu kwenye boma la mama mkwe, na Kiteso hakijui, na mtoto ana Kiganda na Kisamia kidogo cha shangazi. Alisema mdomo ambao wote wawili wanaujua ni wangu. Nilivaa viatu.

Boma la mama lilikuwa kando ya barabara, nyuma ya shamba la muhogo. Fundi alibaki barabarani, akageuka akaipa nyumba mgongo kama inavyopasa. Mimi na msichana tukaingia. Mama alikuwa anabambua karanga uani. Amezeeka, kitambaa kilikuwa kingine lakini bado ni buluu. Msichana alipiga magoti kumsalimu, kama walivyomfundisha huko, na mama akamtazama usoni, akamshika paji la uso kwa kiganja na kukiacha hapo. Sikuhitaji kutafsiri. Alilia, msichana naye akalia, na mimi nilisimama nikitazama majani ya muhogo.

Tulipokaa, mama akaniita. Akasema kuna jambo moja anataka kumuuliza mtoto. "Mwulize, kama baba yake amemtuma, ina maana amenisamehe ile mizizi?"

Kwa nilivyojua, hakuna mtu duniani aliyelijua jambo hilo ila yeye na mimi. Msichana alinitazama akingoja Kiganda chake. Ningeweza kukata tena. Ningeweza kumwambia msichana, bibi anauliza safari ilikuwaje, na msichana angejibu nzuri, na mimi ningemwambia mama, anasema ndiyo, amekusamehe. Kila mtu angefurahi. Lilinijia wazo hilo, siwezi kulificha. Lakini nilimtazama yule mama na mikono yake imejaa maganda ya karanga, nikashindwa.

Nikamwambia kwa Kiteso kwamba mkwe wake hakusikia. Kwamba siku ile sikuyasema maneno yake. Nilimwambia na sababu zangu zote, huruma na saa ya hakimu na sifa, na jinsi nilivyomdanganya barazani, na reli ya Malaba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Yeye hakunikata hata neno.

Kisha akasema, "Nilishangaa siku ile. Maneno yangu yalikuwa marefu na yako yalikuwa mafupi. Nikadhani Kiswahili ni lugha ya watu wenye haraka."

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliinuka, akapukuta nguo yake, akaniambia niende barabarani nimpelekee mkwe wake maneno, yote, sasa hivi. Akaanza upya tangu mwanzo, mizizi, kusubiri, kaburi, kunyamaza, na akaongeza miaka ya kungoja. Msichana alikaa amemshika mkono bila kuelewa kitu. Nilipogeuka kuondoka mama aliniita tena. Alinitaka niseme kwa sauti, yeye asikie kutoka pale, na yawe marefu kama yake.

Nilitembea hadi mwisho wa muhogo. Fundi alikuwa bado ametupa mgongo. Nikasimama nyuma yake nikapaza sauti kwa Kiswahili, na sikuacha neno. Niliposahau nilirudi nyuma. Nikafika kwenye sehemu yangu, nikaisema nayo, na wapita njia wakatutazama. Nyuma yangu uani mama alikuwa akipima urefu.

Fundi hakugeuka. Mabega yake yalishuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie nilijua. Mke wangu aliniambia mwenyewe, juu ya baiskeli. Sijawahi kumlaumu."

Alijua. Alijua kabla ya kaburi, kabla ya korti, kabla ya mimi. Wajomba walipomtukana yeye pia alinyamaza, ili asimwaibishe mama wa mkewe mbele ya maiti. Kitu pekee ambacho hakukijua ni kwamba mtoto wake hatanyang'anywa, na hilo lilikuwa ndilo neno la kwanza kabisa alilolisema mama siku ile kwenye ukuta wa kalenda. Ningelitafsiri hilo moja tu, nikayaacha mengine yote, msichana angelelewa hapa.

Nilirudi uani nikiyabeba kwa uangalifu. Nikamwambia mama: anasema alijua, mkewe alimwambia juu ya baiskeli, na hajawahi kukulaumu.

Alingoja. Akanitazama mdomoni.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Ni mafupi," alisema.

Nikaapa. Nikainua mkono kama kortini, na nilipouona mkono wangu umeinuka, niliushusha. Aliniomba niyaseme tena, nikayasema. Akaniuliza mkwe alisimama vipi alipokuwa anasema, sauti ilikuwaje, nikaeleza. Akaniomba mara nyingine, akisikiliza kama kuna neno litakalobadilika, jinsi hakimu anavyomrudisha shahidi asiyemwamini. Jirani wa kumtuma barabarani akamhakikishie hakuweza kumwita, maana wale aliowahi kuwatuma walimharibia ujumbe. Mkwe mwenyewe hakuweza kumwuliza. Mtoto hakuwa na lugha yake. Alikuwa na mimi peke yangu.

Msichana akaniuliza kwa Kiganda kwa nini bibi bado ana huzuni, kwani baba amesema jambo baya? Mama akaona tumesemezana, akataka kujua mtoto amesema nini. Nikamtafsiria, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza vizuri, akamgeukia mjukuu wake, akayasoma macho yake aone kama ndivyo alivyosema.